Nati Hailali, Bolti Haitoki: Utatuzi wa Vifungio vya Gari la Zamani

Land Rover ya kwanza niliyoifumua bolti kwa bolti hapa Gungu, Kigoma, ilikuwa imebeba chumvi ya Uvinza kwa miaka mingi kabla ya kuegeshwa chini ya mwembe kule Ujiji. Mzee mwenye gari alipoileta juu ya lori alinipa onyo moja: "Mwanangu, kila nati ya gari hii ina ugomvi wake." Sikuchukua muda kumwelewa. Kulikuwa na nati zilizogoma, bolti zilizokatika kwa kuguswa tu, nyingine zikizunguka bila kushika, na kwenye bodi ribiti, zile pini za kuunganisha mabati, zimetoa michirizi myeusi kama wanja uliolowa. Sehemu kubwa ya kazi ile haikwenda kwenye injini wala kwenye rangi. Ilikwenda kwenye vifungio.

Duka la spea la hapa mjini lina bolti za milimita tele, ila za inchi ni za kubahatisha, na zana maalumu za magari haya ndizo adimu zaidi. Kwa hiyo zana nyingi nitakazozitaja ni za kujitengenezea, na zote nimezitumia kwa mikono yangu.

Jambo moja namrudia kila kijana anayekuja kujifunza: bolti ni springi. Ukiikaza inavutika kidogo, kiasi kisichoonekana kwa jicho, na ule mvuto wa kutaka kurudi ndio unaobana vipande viwili visisogee. Uzi, ile mistari iliyochongwa kwenye bolti, kazi yake ni kuuzuia mvuto usitoroke. Ndiyo maana nati ikilegea siulizi niikaze kiasi gani tena. Nauliza mvuto umepotelea wapi.

Nati haitoki kabisa

Kabla ya kutafuta bomba la kurefusha mpini wa spana, tazama uzi unaochomoza. Baadhi ya malori ya zamani ya Uingereza yana uzi wa kushoto kwenye magurudumu ya upande wa kushoto. Nimemwona kijana mwenye nguvu akikata stadi mbili (bolti zisizo na kichwa) akidhani anazilegeza, kumbe anazikaza. Simamisha bolti wima: uzi wa kawaida mistari yake inapanda kuelekea kulia, wa kushoto inapanda kuelekea kushoto.

Ikiwa uzi ni wa kawaida, mshukiwa ni kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo uzi unajaa na kujibana wenyewe. Sugua kwa brashi ya waya mpaka uone chuma, kisha tia dawa ya kupenyeza. Mimi nachanganya nusu asetoni na nusu oili ya giaboksi otomatiki. Viwili hivyo havipatani, vinatengana chupani, hivyo tikisa kila unapotaka kutumia. Asetoni inashika moto kwa wepesi sana, kwa hiyo siku ya dawa si siku ya kuchomelea. Ukikosa asetoni, dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi inafanya kazi, ila ipe siku tatu badala ya usiku mmoja. Kila ukipita, gonga kichwa cha bolti mara kadhaa kwa nyundo ya wastani. Mtikisiko unaivunja kutu na kuipa dawa njia.

Dawa ikishindwa, ndipo tunakwenda kwenye joto. Pasha nati, usipashe bolti, kwa sababu unataka tundu lipanuke. Nati ikiwa ya moto kiasi cha mate kuchemka juu yake, gusisha kipande cha nta ya nyuki pale uzi unapoingia. Nta inayeyuka na kuvutwa ndani kama mafuta kwenye utambi. Warina asali wanaishusha kutoka Kasulu na Kibondo, na kipande cha ukubwa wa kiganja kinanitosha mwaka mzima. Usianze kwa kulegeza. Kaza kidogo kwanza, kiasi cha kusikia imeachia, kisha rudi robo mzunguko, nenda mbele, rudi tena. Anayevuta upande mmoja tu ndiye anayekata bolti.

Usipashe moto karibu na tangi la petroli au mipira ya breki, hata kama tangi umelikausha. Nati iliyopakwa zinki ikipashwa hutoa moshi mweupe wenye sumu, kwa hiyo sugua zinki kwanza na ufanyie kazi nje. Na bolti ngumu iliyokwisha kupikwa motoni isirudi kwenye sehemu yoyote inayobeba mzigo, kwa kuwa ugumu wake umeondoka.

Palipo na unga mweupe kuzunguka bolti, ugonjwa ni mwingine. Land Rover zilianza mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, ndiyo maana bodi ni ya alumini na chesisi ya chuma. Metali hizo mbili zikigusana penye unyevu zinakuwa kama betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Unyevu ukiwa na chumvi, kama kwenye gari la mzee wetu, mambo yanakwenda mbio. Unga ule unavimba na kuishika bolti kuliko kutu.

Hapa pasha alumini yenyewe, kwa sababu inapanuka karibu mara mbili ya chuma. Lakini alumini haigeuki nyekundu kukuonya: inakaa na rangi yake ileile mpaka inafika nyuzi 660 na kuporomoka mbele yako. Chora mstari wa sabuni ya mche karibu na tundu. Sabuni ikianza kuwa kahawia, ondoa moto. Kama ni bolti ya bati la bodi tu, usipigane nayo. Toboa kichwa chake, ondoa bati, na shina utalitoa baadaye kwa koleo.

Unaporudisha, kila uzi upate grisi. Kwa jambo hili tuna shahidi mkubwa hapa hapa Ziwa Tanganyika. Wajerumani walipoizamisha meli ya Graf von Götzen mwaka 1916, mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito kwanza. Waingereza walipoiinua mwaka 1924 walikuta mitambo bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka minane majini. Bolti yako ya kitasa cha mlango haina kisingizio.

Palipo na alumini na chuma pamoja kwenye bodi, weka pia kizuizi kati yao. Nakata washa (vile viduara vya kuwekwa chini ya nati) za plastiki kutoka kwenye dumu kuukuu kwa panchi niliyoitengeneza kwa kipande cha bomba la chuma: nilinoa mdomo wake kwa tupa upande wa nje, nikaupasha moto na kuuzamisha kwenye oili. Unaweka plastiki juu ya gogo, unapiga mara moja. Lakini washa hizi ni za bodi tu. Usiziweke kwenye springi, giaboksi wala chesisi, kwa sababu plastiki inakandamizika polepole na mvuto wa bolti unaondoka nayo.

Spana inateleza, au bolti mpya inaingia mizunguko miwili na kukwama

Dalili hizi mbili zinatoka tumbo moja: kuchanganya inchi na milimita.

Land Rover za mwanzo, mpaka mwaka 1958, zina uzi wa BSF (uzi mwembamba wa Kiingereza) kwa wingi. Zilizofuata zina UNF nyingi (uzi mwembamba wa inchi wa Kimarekani), na kwenye vifaa vya umeme utakutana na skrubu ndogo za BA, aina nyingine ya Kiingereza. Peugeot 404 ni ya milimita, na hiyo ni nafuu kubwa. Uzi wa Kiingereza wa kizazi cha Whitworth, mhandisi Mwingereza aliyeupendekeza mwaka 1841, una pembe ya nyuzi 55. UNF na uzi wa milimita una 60. Hata pale ambapo idadi ya mistari inalingana, mabega ya uzi hayakai vizuri.

Bolti ya inchi 5/16 UNF ina kipenyo cha milimita 7.94, na ya M8, yaani ya milimita, ni milimita 8. Ukizishika mkononi huoni tofauti. Lakini hatua ya uzi (umbali wa mstari hadi mstari) ya UNF ni milimita 1.06 na ya M8 ni 1.25, kwa hiyo M8 inaingia mizunguko miwili, inakaza, na fundi mwenye haraka anadhani imekaa. Haijakaa. Imeng'ata uzi wa kwanza na kuuharibu.

Kupima hakuhitaji zana ya dukani. Bingirisha bolti juu ya kipande cha sabuni ya mche ukikandamiza, itaacha mistari. Hesabu mistari ndani ya milimita 25.4. Kwa bolti ya 5/16, mistari 24 ni UNF na 22 ni BSF. Kwa 3/8, 24 ni UNF na 20 ni BSF. Kisha thibitisha kwa kulaza bolti unayoijua juu ya ile usiyoijua, uzi kwa uzi, mbele ya mwanga. Zikilingana, mwanga haupiti popote.

Kuhusu spana: kichwa cha bolti ya 5/16 UNF ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Spana ya 13 inaingia ikiwa na nafasi ya milimita 0.3, na hiyo inatosha kuviringisha kichwa chenye kutu. Kichwa cha 3/8 UNF ni milimita 14.29. Hapo spana ya 14 haiingii na ya 15 inacheza. Dawa yangu ni kuchukua spana za bei nafuu za 12 na 14 na kuzipanua mdomo kwa tupa, polepole, nikijaribu kila mara kwenye kichwa cha bolti nzima, mpaka ziingie kwa kubana. Kwa kichwa cha 5/8 spana ya 16 inatosha vizuri, na kwa 3/4 tumia ya 19. Ukirithi spana za Whitworth usichanganyikiwe na namba zake, maana zinaandikwa kipenyo cha bolti, si upana wa kichwa.

Kichwa kikishaviringika, usiendelee kukila. Pigilia soketi iliyo ndogo kidogo kwa nyundo, au chomelea nati kubwa juu yake. Mara nyingi joto la kuchomelea peke yake linamaliza ubishi.

Bolti imekatikia ndani

Kama imebaki kipande kinachochomoza, mshukuru Mungu, weka nati juu yake, chomelea kupitia tundu la nati, acha ipoe mpaka uweze kuigusa, tia nta, kisha zungusha kwa utulivu.

Kama imekatikia chini ya uso, kazi yote ipo kwenye kupata kitovu. Drili ikianza pembeni itafuata alumini laini na kuacha chuma kigumu. Nachonga kiongozi: bolti nyingine ya uzi uleule, niliyoitoboa katikati kwa mashine ya kusimama ya fundi mchongaji. Naifunga juu ya ile iliyokatika, na tundu lake linaiongoza drili katikati. Anza na drili ya milimita 3, panua kidogo kidogo. Ukibakiza ganda jembamba, likunje kuelekea ndani kwa tindo ndogo na ulivute kama ganda la karanga. Usithubutu kuigeuza ncha ya tupa kuwa ya kuvutia bolti. Tupa ni ngumu na inavunjika kama kioo, na ikivunjikia humo tunduni hakuna drili yetu itakayoitoboa.

Nati inazunguka pamoja na bolti ndani ya chesisi

Hii ni nati iliyochomelewa ndani ya boksi la chesisi na kuachia. Huifikii kwa spana. Jaribu kwanza kupenyeza bisibisi bapa kati ya mabati na kuikaba. Ikishindikana kata kichwa cha bolti na uiache ianguke.

Kurudisha ndiko kunakotaka akili. Chomelea nati juu ya kipande cha bati nene cha milimita 3, urefu wa vidole vitatu. Funga waya mwembamba kwenye ncha ya bati, pitisha waya kwenye tundu la karibu la chesisi na uutokeze kwenye tundu la bolti, kisha vuta mpaka bati likae mahali pake. Urefu wa bati ndio unaoizuia nati kuzunguka, kwa kuwa inagonga ukuta wa boksi. Nilifanya hivi kwenye tundu tisa za gari lile, na kila tundu nililitia dawa ya kutu kabla ya kuliziba.

Uzi umeliwa

Tofautisha uzi mchafu na uzi uliokufa. Uzi mchafu una rangi, kutu na mikwaruzo, lakini mabega bado yapo. Uzi uliokufa unatoka kama springi nyembamba inayoning'inia kwenye bolti.

Kwa uzi mchafu tengeneza kisafishio. Chukua bolti ngumu ya uzi uleule, ikate mifereji mitatu kwa urefu kwa diski nyembamba ya grenda, kisha punguza ncha yake iwe imechongoka kidogo. Ipake oili, iingize nusu mzunguko, irudishe robo ili uchafu uangukie kwenye mifereji. Kwa upande wa stadi, kata nati kwa msumeno wa chuma upande mmoja, ifungue kidogo kwa tindo, ivalishe chini ya uzi ulioharibika palipo pazima, ibane kwa koleo la kukaza na uizungushe kutoka nje. Inatoka ikiwa imenyoosha kila bega lililolala. Zana hizi ni za kusafisha. Hazikati uzi mpya, na ukilazimisha zitapotosha ule uliopo.

Uzi uliokufa kwenye alumini, kwa mfano kifuniko cha mbele cha injini, unataka bushi. Toboa tundu kubwa zaidi, kata uzi kwa tapu ya kawaida ya milimita, funga bushi ya shaba ya njano au chuma yenye uzi wa nje wa milimita na wa ndani wa asili ya gari. Mchongaji wa mjini atakutengenezea bushi kumi kwa siku. Sipendi kupanua tundu na kuweka bolti kubwa ya milimita. Inashika, ndiyo, lakini mtu wa baadaye atakuja na spana ya inchi, na gari litakuwa limepoteza kitu chake cha asili bila sababu.

Inalegea kila baada ya safari

Mzee wa Ujiji aliniambia kuhusu yubolti (bolti zenye umbo la U) za springi za nyuma: "Fundi, hizi nilizikaza mara tano mwaka ule wa mwisho." Nilizifungua nikakuta rangi nene chini ya kila washa, tabaka juu ya tabaka. Rangi chini ya mkandamizo inatambaa kama ugali chini ya mwiko. Ikipungua unene hata sehemu ndogo ya milimita, bolti inarudi urefu wake na mvuto umekwisha. Kila alipokaza, kulikuwa na rangi nyingine ya kutambaa. Kwangua rangi mpaka chuma mahali washa inapokaa, paka mafuta mepesi, na rangi uipake nje baada ya kukaza.

Mara nyingine bolti inagota chini ya tundu lisilotokea upande wa pili, au nati inagota mwisho wa uzi. Unasikia imekaza kweli, kumbe imekaza dhidi ya yenyewe na vipande viko huru. Pima kina cha tundu kwa spoku ya baiskeli kabla ya kuchagua bolti. Angalia pia bushi ya springi: ikiwa imekwisha, jani zima linapiga kama nyundo, na hakuna nati itakayovumilia barabara zetu za vumbi zenye mawimbi. Tatizo hapo si la nati.

Sababu kubwa kuliko zote ni kukaza kwa kukisia. Spana ya kupimia nguvu ni ghali, lakini pale mwalo wa Kibirizi kila mchuuzi wa migebuka ana mizani ya kuning'iniza, na hiyo ndiyo zana yangu. Chukua mpini wenye soketi, tia alama sentimita 50 kutoka katikati ya nati. Ning'iniza ndoano ya mizani kwenye alama na uvute kwa pembe mraba na mpini, mpaka mshale ufike unapotaka. Kilo 10 kwa umbali huo ni kama niutoni-mita 49 za nguvu ya kukaza, na hicho ndicho kipimo cha bolti ya M10 yenye alama 8.8 ikiwa kavu. Kwa M8 vuta kilo 5, kwa M12 kilo 17. Uzi ukiwa na oili au grisi punguza takribani robo, kwa sababu msuguano umepungua na nguvu ileile inavuta bolti zaidi. Mizani yenyewe ipime kwanza kwa lita 10 za maji, baada ya kutoa uzito wa ndoo.

Soma kichwa cha bolti. Kwenye 8.8, namba ya kwanza inasema chuma kinakatika kwenye megapaskali 800, na ya pili inasema kinaanza kunyooka bila kurudi kwenye asilimia 80 ya hapo. Bolti za inchi zina mistari: mitatu ni daraja la 5, sita ni daraja la 8. Bolti isiyo na alama yoyote ichukulie kuwa laini, na usiipe zaidi ya theluthi moja ya vipimo vile nilivyotaja. Wengi wanaiweka kwenye springi, wanaikaza kwa nguvu zote, inanyooka kama ubani, kisha wanalaumu barabara ya Kasulu.

Wanaofunga nati mbili, nyembamba na nene, wengi wanaweka nyembamba juu. Iwe chini. Ukikaza ya juu dhidi yake, ya juu ndiyo inayobaki na mzigo wote, hivyo inapaswa kuwa yenye uzi mwingi.

Ribiti zinatoa mchirizi mweusi

Ule mchirizi ni unga wa alumini. Ribiti imelegea, inasugua tundu lake kila gari linapotikisika, na maji yanauosha unga nje. Bonyeza bati kwa kidole gumba karibu na ribiti huku mwingine akitikisa bodi, utasikia. Usijaribu kuipiga tena ili ikaze. Imekwisha kula tundu, kwa hiyo itoe na uweke iliyo kubwa hatua moja.

Kigoma si mgeni wa ribiti. Meli ile niliyoitaja ilijengwa Papenburg mwaka 1913, ikafumuliwa, ikaletwa kwenye masanduku kwa bahari mpaka Dar es Salaam na kwa reli mpaka hapa, kisha ikaungwa upya kwa ribiti na kushushwa ziwani mwaka 1915. Zile zilipigwa zikiwa nyekundu za moto, na zilipopoa zilijivuta zenyewe na kubana mabati. Za alumini tunazipiga baridi, kwa hiyo mkono wako ndio unaofanya kazi ambayo kule ilifanywa na kupoa.

Unahitaji vyuma vitatu. Cha kwanza ni cha kuundia kichwa. Nilitumia kipande cha fimbo ya chuma cha springi, nikapasha ncha mpaka ikawa nyekundu, nikaweka gololi ya beringi kuukuu juu yake na kuigonga ikazama kidogo, si nusu yake, ikaacha kikombe. Nikakipasha tena, nikakizamisha kwenye oili, nikakisugua kwa msasa mpaka kikang'aa, kwa sababu kila kovu la kikombe litaonekana kwenye kila ribiti. Cha pili ni cha kupokelea: kipande kizito cha chuma, kilo moja na nusu au mbili, uso mmoja umenyooshwa sawasawa. Cha tatu ni bomba fupi lenye tundu kubwa kidogo kuliko ribiti. Unalivalisha juu ya mkia na kuligonga ili mabati yakutane kabla ya kupiga.

Kwa ribiti ya milimita 4, toboa 4.1, acha mkia wa milimita 6 utokeze, yaani mara moja na nusu ya kipenyo. Kichwa kikiisha vizuri kina upana wa milimita 6 na kimo cha 2. Tundu lisikae karibu na ukingo kuliko milimita 8, wala ribiti zisikaribiane chini ya milimita 12.

Sasa soma makosa yake. Kichwa kikilala upande mmoja, mkia ulikuwa mrefu mno au chuma cha kupokelea kiliinama. Kingo zikipasuka, ribiti imekuwa ngumu: ichore sabuni, ipashe mpaka sabuni iwe nyeusi, iache ipoe, itakuwa laini kama mpya. Ukiona mwanga kati ya mabati, hukutumia bomba. Na bati likivimba kati ya ribiti na ribiti, ulipiga kwa mpangilio kutoka kona moja hadi nyingine ukasukuma ziada yote mbele yako. Funga bolti ndogo zenye nati za masikio kila tundu la tatu, anza katikati na uende nje.

Ribiti za kujitengenezea kwa mabaki ya waya mnene wa alumini ninazitumia kwenye mabati ya sakafu na vifuniko. Waya ule ni laini sana, kwa hiyo kwenye bawaba za milango na nguzo za kioo nasubiri ribiti za kununua, hata wiki tatu. Ribiti za kuvuta zenye tundu katikati zinaziba haraka, lakini maji yanapita, na kwenye gari unalotaka lifanane na siku yake ya kwanza zinaonekana toka mbali.

Usukani na breki

Huku zana za kujitengenezea zinaishia kwenye kufungua na kusafisha. Bolti na nati ziwe za kununua, mpya, zenye alama. Nati yenye mapengo kama taji ikifika kwenye kipimo na tundu la pini halijalingana, usiilegeze kulitafuta. Endelea kukaza kidogo mpaka pengo linalofuata, au toa nati na usugue washa yake iwe nyembamba. Pini iwe pini kweli, yenye miguu miwili ya kukunjwa, na isitumike mara ya pili. Nimetoa misumari kwenye vichwa vya usukani vya magari yaliyokuwa yanabeba watu, na kila mmoja nimeuonyesha kwa mwenye gari kabla ya kuutupa.

Gari la mzee lilipokwisha, tulipaka kila nati muhimu mstari mwembamba wa rangi nyeupe, kuanzia kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Tukaenda Kasulu na kurudi. Siku iliyofuata, likiwa limepoa, nililala chini yake na tochi nikaifuata mistari mmoja mmoja. Yote ilikuwa imenyooka isipokuwa mmoja, kwenye sheko (kiungo cha springi na chesisi) ya mbele kushoto. Niliifungua ile nati nikakuta chini ya washa kipande cha chuma kilichobaki wakati wa kutoboa, chembamba kama unywele. Nilikitoa, nikafuta, nikakaza tena kwa mizani, nikapaka mstari mpya.